Ile klipu ya panya wa Rottnest: maelezo ya mhusika

Kwa kuwa shemeji ameshairusha ile klipu yangu nikiwa juu ya benchi kwenye magrupu yote, hadi lile la michango ya harusi, acha niwasimulie mwenyewe.

Klipu haioneshi asubuhi. Kwenye boti kutoka bandari ya Fremantle, Australia Magharibi, kwenda kisiwa cha Rottnest, mimi ndiye nilikuwa mwalimu. Niliwaeleza wenzangu kwamba Rottnest ni Kiholanzi, kiota cha panya. Nahodha Willem de Vlamingh alifika mwishoni mwa Desemba 1696, akakuta kisiwa kimejaa wanyama wakubwa kama paka, mikia kama ya panya, akawaandika panya. Kumbe ni jamaa wa kangaruu, jike hubeba mtoto mfukoni tumboni! Kwoka ni jina walilopewa na Wanyungar, wenyeji wa upande ule, na kisiwa chenyewe wao hukiita Wadjemup. Kisayansi ni Setonix brachyurus. Hilo brachyurus ni mkia mfupi. Mfupi ukilinganisha na wa kangaruu, jamani. Nikamalizia kwa madaha: "Mholanzi hakutazama vizuri."

Hiyo sehemu mmeiona kwenye klipu? Hamjaiona. Shemeji anajua kukata.

Jioni, tukisubiri boti ya mwisho, nimekaa kwenye benchi, mfuko wa chapati miguuni. Karatasi ikachakarika. Nikainama taratibu. Kichwa hakionekani, kimezama mfukoni. Naona makalio ya mviringo, manyoya ya kahawia, halafu mkia. Umelala juu ya kiatu changu, mwembamba, karibu hauna manyoya. Elimu yote ikanitoka.

"PANYAAA! PANYA BUKU!"

Nikajikuta juu ya benchi. Naye akatoa kichwa, chapati mdomoni, na ule uso wao wa kutabasamu. Sasa sikilizeni: kisiwani kumgusa kwoka ni marufuku, na kumlisha ni marufuku. Nikimpokonya, nimemgusa. Nikimwacha, nimemlisha. Nikabaki kule juu nikimbembeleza kwa Kiswahili, "Kaka, iache tu, tafadhali," naye anatafuna huku ananitazama. Watalii waliokuwa wakimpiga picha yeye wakanigeuzia simu mimi.

Mhudumu akaja, akauchukua mfuko, akanionya, tukapanda boti. Basi.

Na wewe shemeji uliyeandika "kapandishwa benchi na kapanya": kwoka mzima hufika kilo tano. Panya buku wa Morogoro ana kilo moja na ushee, na kwake ulikimbia.