Maji yakitiliwa shaka, wananchi waambiwe lini?

Chanzo cha maji kikihisiwa kuchafuliwa, mabishano huwa yale yale. Wananchi wanataka kuambiwa leo. Wataalamu wanasema subirini majibu ya maabara, msizue taharuki. Huku kwetu Mbeya ni rahisi kuwacheka wataalamu, maana anayesema "subirini" mara nyingi nyumbani kwake anakunywa maji ya chupa. Lakini hoja yao ina uzito, na mtu anayetaka kuipinga inabidi kwanza aisikilize.

Kipimo cha vimelea vya kinyesi si cha dakika tano. Sampuli inachukuliwa kwenye chupa safi kabisa, inawekwa kwenye kasha lenye barafu, inafikishwa maabara mapema, kisha inaatamishwa kwa takriban saa 24. Ndani ya mililita 100 za maji ya kunywa hakitakiwi kionekane hata kimelea kimoja cha aina hiyo. Sasa chupa hiyo ikishikwa mdomoni kwa mkono mchafu, au ikisafiri juani kwenye bodaboda kutoka kijijini, majibu yatakuwa ya uongo. Ukitangaza kwa majibu hayo, bomba linafungwa na mama anakwenda na ndoo yake korongoni, kwenye maji yanayonywewa na ng'ombe. Kipindupindu na homa ya matumbo havisubiri mtu aombe radhi kwa tangazo lililokosewa.

Hiyo ndiyo hoja yao ikiwa katika ubora wake. Tatizo ni kwamba ukimya nao una historia. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, ulibadilishiwa chanzo cha maji Aprili 2014, ukaanza kutumia maji ya mto. Wakazi walilalamika mapema juu ya rangi na harufu. Idara ya mazingira ya jimbo haikuwa imedai maji yawekewe dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakachuruzika kutoka kwenye mabomba ya zamani. Januari 2015 watumishi wa jimbo waliokuwa na ofisi mjini humo waliletewa maji ya kunywa ya kununuliwa, huku wananchi wakiendelea kuambiwa maji yao ni salama. Mji ulirudishwa kwenye chanzo cha awali Oktoba 2015. Vifaa vya kupimia havikuwa shida pale, wala maabara.

Wilaya ya Chunya, hapa hapa mkoani Mbeya, ina ugumu wa aina yake. Dhahabu imechimbwa huko tangu miaka ya 1920. Kwenye makarasha jiwe likishasagwa, unga wake huoshwa, halafu zebaki inachanganywa ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu, ili ikamate dhahabu. Donge linakamuliwa kwenye kitambaa na kuchomwa juu ya mkaa. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Maji ya beseni yanamwagwa pembeni. Mvua za Desemba zikianza, yanashuka mtoni pamoja na marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, na kiangazi kikiingia, kwenye mchanga wa mito hiyohiyo watu wanachimba vishimo kutafuta maji ya nyumbani.

Zebaki ni nzito, inazama na kukaa kwenye tope. Chota maji ya juu yaliyotulia, peleka maabara, na majibu yanaweza kurudi mazuri kabisa. Tope lingesema jambo jingine, na samaki wa Ziwa Rukwa, ambako mto Lupa unamwaga maji yake, lingine tena. Kwa hiyo "tusubiri majibu" ni ushauri mzuri pale tu anayepima anapopima kitu sahihi. Isitoshe, agizo letu la kila siku, "chemsheni maji", linaua vimelea lakini haliondoi zebaki. Ukichemsha sana, maji yanapungua na madini yanabaki mlemle sufuriani.

Halafu kuna swali la nani atangaze. Mvua inayonyesha kwenye safu ya Uporoto, kwenye mashamba ya viazi yanayopuliziwa dawa ya ukungu msimu mzima, inaweza kuishia Rukwa, Nyasa au Rufiji, kutegemea imeangukia upande gani wa mlima. Hayo ni mabonde matatu yenye bodi tatu za maji, ofisi zao zikiwa Mbeya, Tukuyu na Iringa. Ongeza chombo cha taifa cha mazingira, wakala wa maji vijijini (RUWASA) ulioundwa 2019, Tume ya Madini na halmashauri. Kila mmoja ana kipande chake cha sheria, na mwenyekiti wa kijiji hajui ampigie nani Jumamosi jioni.

Hata majibu yakitoka, yanahitaji kuaminiwa. Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya Profesa Samwel Manyele ikataja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na wengi waligoma kuamini. Sina sababu ya kudai kamati ilikosea. Ila watu wanaoambiwa mwishoni tu huwa wameshajitungia majibu yao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni tahadhari itolewe siku ileile shaka inapoingia, ikisema kinachoshukiwa ni vimelea au kemikali, maji mengine yako wapi, na majibu yanarudi lini. Ile hofu ya taharuki ni hofu ya tangazo lisilo na boza, gari la kuletea maji, nyuma yake. Hapo ni suala la bajeti lililovalishwa koti jeupe la maabara.

Na bajeti ndiyo ngumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi alipe, lakini kwenye korongo lenye makarasha kila upande mchafuzi ni nani? Ukiongeza tozo, wachimbaji watasema wanalipa ya kutosha, na wengine watarudi kuuza kwa magendo. Hawatanii. Ndiyo maana ningeanza na ushuru wa huduma ambao halmashauri tayari inaupokea kwenye dhahabu: sehemu yake itengwe kwa boza la akiba na kupima tope kabla na baada ya masika, na majibu yabandikwe kwenye kituo cha kuchotea maji.