Mapigo 96 si cheti cha ushujaa

Kijana mmoja karuka na paraglaida, ule mwavuli wa kuelea angani, kutoka ukingo wa Iten, Kenya, kafungwa kifuani kwa rubani, katua salama bonde la Kerio, kisha katurushia kwenye kundi la WhatsApp picha ya saa yake: mapigo 96 kwa dakika. "Moyo wa chuma." Makofi yakamwagika. Dada mmoja wa Mombasa aliyeruka siku hiyo hiyo akaweka yake, 170, na wakamcheka mpaka akaifuta.

Bwana we, kwanza ulikuwa abiria. Pili, saa ya mkononi husoma damu kwa mwanga tu. Baridi ikikupiga au mkanda ukilegea, itakuandikia inachotaka. Tatu, Iten iko mita 2,400 juu ya bahari. Mtu wa pwani hapo moyo humwenda mbio hata akipanda ngazi!

Lakini kinachonichoma hasa ni hii imani kwamba moyo ukidunda basi mtu ni mwoga. Miaka ya 1960 huko Marekani, wanasaikolojia Fenz na Epstein waliwapima warukaji wa miavuli, wageni na wazoefu. Kwa wageni mapigo yalizidi kupanda hadi dakika ya kuruka. Kwa wazoefu yalipanda pia, ila mapema, ndege ikiwa bado inapaa, kisha yakashuka kadiri muda wa kuruka ulivyokaribia. Mmesikia? Wazoefu nao waliogopa, ila waliimaliza hofu yao mapema. Hata Felix Baumgartner, mruka miavuli wa Austria aliyeruka kutoka kilomita 39 hivi angani mwaka 2012, kabla ya hapo alishindwa kuvumilia kufungiwa ndani ya vazi lake la kumkinga huko juu, akauacha mradi kwa muda, akasaidiwa na mwanasaikolojia ndipo akarudi. Haya, mcheke na yeye.

Ubaya wa hofu ni kwamba inabana akili. Macho yanaganda kwenye upepo na bonde, mkono unasahau mikanda ya mapajani inayomshikilia mtu kwenye paraglaida, na wapo marubani wazuri walioruka bila kuifunga. Pale Iten nilimtazama rubani mmoja akikagua kwa kugusa: paja la kushoto, la kulia, kifua, kofia. Alipofika kifuani jamaa akamsalimu kwa kelele. Hakuitikia. Akarudi paja la kushoto, akaanza upya, abiria wake akinung'unika kwamba upepo mzuri unapita. Huyo rubani sijui moyo wake ulikuwa ukipiga ngapi, wala sina haja ya kujua.

Haya, nakubali shingo upande: namba ina kazi yake. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla hajasogelea ukingo, maana adrenalini haina huruma. Ila hiyo ni kazi ya kliniki, siyo ya kundi la WhatsApp.