India 18, Tanzania 0: tuwatazame tena wachezaji wa Moscow

Kijiweni kwetu karibu na stesheni ya Tabora, ikitajwa Olimpiki lazima mtu akumbushe: India 18, Tanzania 0. Ndiyo, mwaka 1980 huko Moscow timu yetu ya wanaume ya mpira wa magongo (hoki) ilipoteza mechi zote sita, ikawa ya mwisho kati ya timu sita. Hoja ya wenzangu ni kwamba wachezaji wale waliipata nafasi kwa sababu wakubwa, Kenya wakiwemo, walisusia michezo ile. Kwa nini basi waitwe wana-Olimpiki sawa na wakimbiaji Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, waliorudi na medali za fedha? Tena wanawake wa Zimbabwe waliitwa dakika za mwisho, hawajazoea zulia, yaani nyasi bandia, wakabeba dhahabu ya magongo.

Hoja ya Zimbabwe ni nzito, siikwepi. Ila kwa wanawake susio liliwaondoa vigogo wengi. Kwa wanaume India na Hispania walikuwepo, na ndio waliocheza fainali.

Turudi kwenye zile 18. Mechi ilikuwa dakika 70, kwa hiyo ni bao kila dakika nne hivi. Inauma. Lakini India hao hao waliichapa Cuba 13-0, wakatwaa dhahabu yao ya nane. Halafu kuna uwanja. Mimi nimecheza magongo shuleni hapa Tabora, kwenye vumbi na mizizi ya miembe. Mpira ule mgumu ukigonga kokoto unaruka hadi kwenye ugoko, kwa hiyo unajifunza kulaza gongo chini na kusubiri uone utaelekea wapi. Kwenye nyasi bandia za Moscow mpira haukusubiri mtu; unateleza moja kwa moja, ukisita nusu sekunde umeshapitwa. Mkimbiaji anaweza kujifua kwenye barabara yoyote. Mchezaji wa magongo anategemea ardhi aliyopewa.

Na mbona hakuna anayetaja 11-2? Hiyo ni mechi na Wasovieti, wenyeji, waliomaliza na shaba. Tuliwafunga mara mbili kwao! Poland nao tuliwafunga moja. Cuba walitushinda 4-0, tukakutana nao tena kuwania nafasi ya tano, ikawa 4-1. Watu waliokwisha kupigwa 18 waliendelea kushambulia hadi mechi ya mwisho, na hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote.

Hadi Paris 2024 hakuna timu nyingine ya Tanzania, iwe ya soka au ya kikapu, iliyofika Olimpiki. Wengine karibu wote tuliowapeleka walikwenda kushindana mmoja mmoja. Wale wa 1980 hawakupata Olimpiki ya pili ya kusahihisha makosa ya kwanza.

Wenzangu wanasema tungejenga uwanja kwanza, ndipo tuende. Sawa. Ila kijana aliyeitwa mwaka ule angejibu nini, asubiri? Uwanja niliochezea mimi mpaka leo ni vumbi.