Shule ya urubani ikitaka hela yote mwanzoni, kimbia

Juzi mpwa wangu kanitumia invoisi ya shule moja ya urubani kusini mwa Ulaya, jina nalihifadhi, kozi ya moduli (yaani mafunzo kwa vipande) kuanzia sifuri mpaka CPL (leseni ya rubani wa biashara) na IR (ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vyombo), halafu chini kwa herufi nyekundu eti ukilipa yote kabla mwezi haujaisha unapata punguzo. "Anko, si bonge la dili?" Dili la nani sasa?

Yaani raha yote ya moduli ni kwamba unalipa kipande kwa kipande. Unachukua PPL yako (leseni ya rubani binafsi), masaa 45 kwa uchache, unarudi kazini, unakusanya masaa taratibu, mitihani 13 ya nadharia ya ATPL (leseni ya rubani wa ndege za abiria) unaisomea nyumbani usiku, hela ikipatikana ndio unaenda CPL, IR, UPRT (kuzuia ndege isikupotee na kuirudisha ikikupotea), MCC (kuruka na rubani mwenzako). Shule ikikuchosha unahama. Sasa ukishawakabidhi makumi ya maelfu ya euro siku ya kwanza, utahama na nini? Hapo unakuwa umejifunga kama watu wa intigreti (kozi nzima kwa mkupuo kwenye shule moja), bila hata ule mpangilio wao (na mpangilio wanao, hilo nakubali, japo kwa bei ile ungetegemea na chai wakuletee kitandani).

Na msiseme natisha watu. 2012 kule Waterford, Ireland, Pilot Training College ilianguka wakati wanafunzi wake wengine wako Florida kwenye mafunzo ya kuruka. Chuo cha kule Florida kikasimamisha mafunzo kwa sababu hela haikuwa imefika kutoka Ireland, wakati wazazi walishalipa. 2023 Tayside Aviation ya Dundee nayo ikafunga, shule ya miaka mingi, si ya juzi. Shule ikifilisika mwanafunzi ni mdai tu kama wadai wengine, tena wa mwisho mwisho, benki na serikali wakishakula ndio na wewe unaangaliwa kama kuna makombo. Ndege zenyewe unaweza kukuta ni za kukodi, na mafuta ya mwanafunzi wa mwaka jana yanalipwa na dipoziti yako wewe wa mwaka huu.

Hata isipofilisika, ukishalipa yote nani ana haraka na wewe? Instrakta akipata kazi kwenye ndege za abiria anaondoka, ndege iko karakana inasubiri spea, wewe umekaa hosteli unalipa kodi. Na saa ya EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya) haisubiri mtu: ukianza ile mitihani una miezi 18 kuimaliza yote, ukimaliza una miezi 36 kupata CPL na IR, ikipita nadharia inakufa unaanza upya. Anayelipa kidogo kidogo akiona wiki ya tatu harushwi anabeba logbuku yake (daftari la masaa aliyoruka) anaondoka. Aliyelipa yote anaandika imeili za kubembeleza.

Jamani, hii hela kuna mzee kauza shamba. Kuna mama kachukua mkopo wa saccos. Punguzo la asilimia kadhaa sio bei ya kuweka hiyo hela kwenye akaunti ya kampuni usiyojua hata mahesabu yake.

Haya, kuna shule za uaminifu zinazotoa punguzo la kweli, sikatai. Basi nunua masaa kumi kumi, yakiisha ongeza, na kila kipande ukimaliza dai cheti na rekodi zako za mafunzo siku hiyo hiyo.

Mengine kwa haraka. Hesabu ndege zinazoruka, sio zilizoko kwenye brosha, na uliza zinagawanywa kwa wanafunzi wangapi. Hali ya hewa Ugiriki na Hispania nzuri, Poland bei nafuu ila baridi yake utaijua. Uingereza tangu 2021 leseni yao sio ya EASA tena, kwa hiyo usidanganywe na neno Ulaya. Medikali ya Class 1 (kipimo cha afya cha marubani wa biashara) pima KABLA hujatoa senti, wapo wanaogundua tatizo la macho wakiwa na PPL mfukoni.

Na kwa nyie mnaotoka nyumbani: waulize kama wanatoa barua ya kuombea visa ya mwanafunzi. CPL inataka masaa 200 jumla, 100 kati yake wewe ndio rubani mkuu, na visa ya utalii ya Schengen inakupa siku 90 ndani ya 180. Wakikujibu njoo tu kama mtalii tutapanga ukifika, kata simu.