Sauti ndiyo huziangusha filamu za vijana
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba kambi ya filamu ya vijana wakati wa likizo ya kiangazi haihitaji tena vifaa, kwa kuwa kila mshiriki ana simu yenye kamera nzuri. Kuhusu picha sibishani naye. Lakini mimi niliyefundisha sauti katika kambi ya aina hiyo huku Toronto nimeona kwamba kazi nyingi huharibikia masikioni, kwa sababu simu iliyosimamishwa mita 3 kutoka kwa mwigizaji hunasa upepo, magari na kiyoyozi kwa bidii ileile inayonasa maneno. Kipaza sauti kidogo cha bei nafuu kinachobanwa kifuani, pamoja na nusu dakika ya kurekodi ukimya wa chumba chenyewe ili mhariri apate cha kuzibia mapengo, huokoa filamu ambayo kamera ya gharama kubwa isingeiokoa. (Matangazo ya kambi hizi, bila shaka, huonyesha kamera tu.) Uhariri nao aghalabu huachiwa jioni ya mwisho, wakati vijana wameshachoka. Je, wasomaji wenzangu mliowahi kupeleka watoto huko, kuna aliyerudi akiwa amefundishwa kurekodi sauti?