Kitambi cha Dar es Salaam hakianzii kwenye sahani peke yake

Kuhusu kitambi, mjini kuna maelezo ambayo karibu kila mtu anayakubali bila kuyahoji: anayekula ovyo, anayekunywa bia na asiyefanya mazoezi ndiye anayetoka tumbo. Mgonjwa anaambiwa hivyo kliniki, anatajiwa tena kwenye mawaidha ya ibada, na watani wanamalizia kazi wakikutana naye harusini. Maelezo hayo yana ukweli. Tatizo ni kwamba yameachiwa uwanja mzima, na matokeo yake watu wengi wanalaumiwa kwa jambo ambalo nusu yake hawakulichagua.

Upande huo una haki yake na ni vizuri kuitoa mapema. Soda moja ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana akomee 25. Bia ya nusu lita ina kama kalori 200, na ni nadra mtu akanywa moja akaondoka, tena bila nyama choma mezani. Chipsi mayai za usiku, chapati za supu asubuhi, sembe lililokobolewa hadi likabaki wanga mtupu: vyote hivi vinaingia mwilini kwa mkono wa mlaji mwenyewe. Na watetezi wa hoja hii wana swali gumu: majirani wawili wanapanda daladala ileile na kununua kwa mama lishe yuleyule, mmoja ana kitambi na mwenzake hana. Kama lawama ni ya jiji, mbona jiji limembagua?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito, na nitalirudia. Kwanza tutazame maelezo haya yanapokwama.

Yanakwama kwa wanawake. Kama chanzo kikuu kingekuwa bia na nyama choma, wanaume ndio wangeongoza kwa mbali. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kinyume: Watanzania wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2015-16 ukakuta 28, na kwa mijini peke yake 42. Sioni namna ya kueleza kwamba katika miaka mitano hivi wanawake wa nchi nzima walizidiwa ghafla na uroho. Kuna kitu kilibadilika nje yao.

Utafiti ninaourudia mara nyingi kuliko wote ni mdogo, na nadhani haujasomwa vya kutosha. Ulichapishwa mwaka 2010. Watafiti waliwapata watu 209 wa Morogoro Vijijini waliokuwa wanajiandaa kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka, kisha wakawafuata mjini na kuwapima tena. Hapa halinganishwi mtu wa kijijini na mtu mwingine wa mjini. Ni mtu yuleyule, kabla na baada. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 79 katika kila 100 walikuwa wanafanya kazi za kutoa jasho hasa, jembe na mizigo. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki kama 26. Kwa wanawake ilishuka kutoka 38 hivi hadi 16. Uzito ulipanda kwa wastani wa kilo 2.3 kwa wanaume, na kwa wanawake karibu sawasawa na hapo.

Mtu anaweza kuona kilo mbili na ushee ni kitu kidogo. Ni tundu moja la mkanda. Lakini huo ni mwaka mmoja tu, tena mwaka wa kwanza, ambao wahamiaji wengi bado wanatafuta kibarua na hawana fedha za starehe. Utafiti uliishia hapo, kwa hiyo siwezi kusema hao 209 walifikia wapi. Hesabu ya kawaida hata hivyo inatisha: hata kasi ile ikipungua kwa nusu baada ya mwaka wa kwanza, katika miaka 10 mtu amebeba zaidi ya kilo 12 ambazo hakuja nazo. Na chakula chao? Walikula nyama nyekundu zaidi, ndiyo. Walikula pia matunda na mboga zaidi. Kwa kipimo cha mlo peke yake, sehemu ya maisha yao ilikuwa bora kuliko kijijini. Walinenepa hata hivyo.

Hapo ndipo lawama ya uvivu inapoanguka. Hawa hawakuacha bidii yao stendi ya Msamvu, Morogoro. Kijijini hakuna aliyekuwa akifanya mazoezi. Kazi yenyewe ilikuwa mazoezi, na kwenda shambani, kisimani na sokoni kulikuwa ndiko kukimbia. Jiji lilipoiondoa kazi hiyo halikuweka kitu mahali pake. Liliweka kiti: kiti cha daladala, cha duka, cha lindo, cha ofisi, cha nyuma ya bodaboda.

Kuna kitu kingine ambacho jiji lilikichukua, na hiki hakitajwi kabisa kwenye mazungumzo yetu ya kitambi: usingizi. Anayekaa Chanika au Mbagala na kufanya kazi Posta au Masaki anaamka saa kumi alfajiri ili aikwepe foleni, na jioni anafika nyumbani saa tatu. Akioga, akala, akawauliza watoto habari za shule, ni saa tano. Mwaka 2022 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha jaribio la watu 12 walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa wiki mbili, wakilinganishwa na walipolala kwa muda wa saa tisa. Walipopunguziwa usingizi walikula zaidi ya kalori 300 za ziada kwa siku bila kuambiwa, na mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo yaliongezeka kwa asilimia 11. Watu 12 ni wachache, na haingefaa kujenga sera nzima juu yao. Lakini hao walikuwa vijana wenye afya, wiki mbili tu. Mfanyakazi wa Dar anaishi karibu hivyo miaka 15.

Mafuta hayo ya ndani ndiyo yenye madhara kuliko yanayoshikika chini ya ngozi, kwa sababu yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ini likishajaa mafuta insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inaanza kushindwa kazi. Ndiyo maana utafiti wa INTERHEART, uliochunguza shambulio la moyo katika nchi 52, ulikuta kwamba uwiano wa kiuno na nyonga unaonyesha hatari vizuri kuliko uzito kwa urefu. Kliniki zetu nyingi bado zina mizani lakini hazina utepe wa kupimia kiuno, kitu ambacho kila fundi cherehani anacho. Hata penye utepe, mwanamume huambiwa hatari inaanzia sentimita 94, kiwango kilichotokana na Wazungu. Uchambuzi uliounganisha takwimu za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara ulipata kiwango kinachofaa ni kama sentimita 81, kwa wanaume na wanawake. Mwanamume wa sentimita 90 anarudi nyumbani akiamini yuko salama.

Sasa turudi kwa wale majirani wawili. Ni kweli jiji haliwanenepeshi wote sawa, na hapo hoja ya upande wangu ina mpaka. Urithi wa mwili unahusika. Idadi ya watoto aliozaa mama inahusika. Na ndiyo, soda tatu kwa siku zinahusika. Anayesema kila kitu ni jiji anampa mtu ruhusa ya kusubiri barabara zijengwe upya ndipo aache soda, na hiyo ni huruma isiyomsaidia mtu. Kuiacha soda ya kila siku kunawezekana kesho asubuhi, na faida yake haihitaji kibali cha manispaa.

Lakini tazama ushauri unaofuata baada ya hapo: fanya mazoezi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nia ilikuwa njema, na vikundi vya jogging vya Temeke na Kinondoni vimefanya kazi kubwa kuliko vinavyosifiwa. Ila Jumamosi 12 kwa mwaka haziwezi kufidia kile mwanamume wa Morogoro alichokuwa akikifanya siku sita kwa wiki. Na nani anapata nafasi? Kijana asiye na mtoto anaweza kukimbia saa kumi na moja alfajiri. Mama wa watoto watatu saa hiyo anawasha jiko, na hata akipata nusu saa, njia yake haina taa wala pa kutembea kwa miguu, na usalama wake ni wa kubahatisha. Akishajifungua anaambiwa ale anenepe ili ionekane anatunzwa, akafungwa tumbo kwa kanga, na miaka miwili baadaye watu walewale wanamcheka.

Kwa hiyo kipimo changu cha ushauri wowote kuhusu kitambi ni kama unauliza habari za saa za mtu. Daktari anayepima kiuno cha sentimita 98 na kuandika "punguza kula" bila kuuliza mgonjwa analala kwa muda wa saa ngapi na anakaa kitako kwa muda wa saa ngapi amefanya sehemu ya kazi. Sehemu inayobaki iko kwa mwajiri anayeweza kuruhusu zamu ianze saa nne badala ya saa mbili, na kwa manispaa inayopitisha ramani ya viwanja kilomita 30 kutoka kazini: kama ramani hiyo ina njia ya miguu, soko la kufikika kwa kutembea na uwanja ambao hautauzwa baadaye. Hao wawili hawajawahi kutajwa kwenye kadi ya mgonjwa yeyote.