Gobori lenye darubini si gobori tena
Makala niliyoisoma inadai kwamba jimbo la Colorado, Marekani, liruhusu darubini za kulengea kwenye magobori ili wanyama wachache zaidi waachwe na majeraha, na hapo ndipo nisipokubaliana nayo. Msimu wa gobori kule ni siku tisa tu za Septemba, wakati madume wa elki (aina ya kulungu mkubwa) wanalia kuita majike na kumsogelea mwindaji. Fursa hiyo hutolewa kwa sababu silaha yenyewe ni dhaifu, ndiyo maana kanuni zinakataza darubini, vidonge vya baruti na risasi zenye ganda la plastiki, na kudai baruti ya unga. Nimewinda huko kwa gobori: unamimina unga kwa kipimo, unashindilia risasi kwa mdeki (ufito wa kushindilia), unapachika fataki, na ukikosa, mnyama ameshazama msituni kabla hujachomoa tena mdeki. Kinachojeruhi wanyama ni tamaa ya kufyatua kutoka mbali, na darubini itaichochea tamaa hiyo. Kwa wazee ambao hawaoni tena vizuri ncha ya mtutu (nao si wachache), ningekubali kioo cha kulengea kisichokuza. Wenzangu mnaotumia gobori, ninyi hujiwekea mpaka wa kufyatua kutoka hatua ngapi?